Kwenu ni Wapi? Jaza Hapa

Haya wasomaji, leo tuweke kando simu mpya na programu za bure. Kuna swali ambalo watu wa Jericho tunalijua sana: "Kwenu ni wapi?" Ukijibu "Jericho", aliyeuliza anacheka. "La, kwenu kabisa!" Hata kama baba yako alizaliwa hapa Jericho na wewe umekulia ukicheza mpira Camp Toyoyo, hilo halihesabiki. Anataka kijiji, na kupitia kijiji anapata kabila.

Wengi wanaouliza si watu wabaya. Kwao ni kama salamu, na ubaguzi usiojijua hukaa hapo hapo, kwenye jambo tunalolifanya bila kufikiri. Serikali nayo ilitufundisha. Kitambulisho kilichoanza kutolewa mwaka 1995 kiliandikwa wilaya, tarafa na lokesheni ya mwenyewe. Halafu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, vijana waliweka vizuizi barabarani, wakadai vitambulisho na kusoma majina. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika ghasia zile. Swali la kwenye vizuizi lilikuwa lile lile la salamu.

Sasa tuje kwetu sisi waandishi wa programu. Fungua fomu yoyote ya kuomba kazi: jina la ukoo, kaunti ya nyumbani, yote yana nyota nyekundu. Muulize aliyeiandika kaunti hiyo ni ya kazi gani. Mara nyingi hana jibu, amenakili fomu ya zamani tu. Nyingine zinakataa ritifaa, kwa hiyo Ng'ang'a au Nyong'o anaambiwa jina lake si sahihi! Sababu ni kwamba alama hiyo hufunga maandishi katika SQL, na mwandishi aliogopa wavamizi. Dawa ipo miaka mingi: jina litumwe kama data, mbali na amri yenyewe. Ni mistari michache. Lakini imeonekana rahisi zaidi kumlaumu mwenye jina.

Kwamba jina peke yake lina uzito, ushahidi upo. Mwaka 2004 Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha utafiti wao wa Boston na Chicago. Walituma maombi ya kazi karibu 5,000, sifa zinalingana, majina tofauti. Jina linalosikika la Mzungu lilihitaji maombi kama 10 kupata jibu moja, na la Mmarekani mweusi kama 15. Sidhani kila mwajiri pale alijiona mbaguzi.

Lakini kuna utafiti mwingine unaonishughulisha zaidi, kwa kuwa ulifanyika hapa Nairobi kwa watu 1,300 na kuchapishwa mwaka 2020. Watafiti waliwapa watu michezo ya kugawa pesa, wakitarajia kila mtu ampendelee wa kabila lake. Upendeleo wa kikabila waliouona ulikuwa mdogo mno.

Mimi nausoma hivi: kama mioyo ya watu wa kawaida haijaharibika kama tunavyodhani, basi sehemu kubwa ya ugonjwa iko kwenye mipangilio yetu, yaani nani anaulizwa nini, na jibu linasomwa na nani. Ndiyo maana semina za kuchunguza nafsi hazinivutii sana. Moyo siwezi kuufungua nikautengeneza. Fomu naweza.

Najua mtaniuliza: Sheria ya Utangamano ya 2008 inasema taasisi ya umma isiajiri zaidi ya thuluthi moja kutoka kabila moja. Tutapimaje tusipouliza? Hoja nzuri. Basi uliza, lakini weka jibu kwenye jedwali lake, na anayechagua wa kuitwa kwenye usaili asilione, wala jina asilione. Anapewa namba ya maombi na ujuzi wa mtu, basi. Hesabu za makabila zifanywe baadaye na mtu mwingine.

Na kwenye kisanduku cha "nyumbani", programu ikubali neno Jericho bila kuuliza mara ya pili.

Naendelea kukusanya majina ya kujaribia fomu: yenye ritifaa, ya neno moja tu, yenye "bin" katikati, ya herufi mbili. Kama lako limewahi kukataliwa na kompyuta, niandikie niliongeze.