Gécamines ilipougua, washauri walihesabu nini?

Kapata ni kambi ya wafanyakazi wa Gécamines, na mzee wa pale akisikia neno "départ volontaire" hahitaji kutafsiriwa. Kati ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000, wengi wenye miaka 25 ya kazi na zaidi, walipewa pesa mara moja, wakatia sahihi, wakarudi nyumbani. Pesa zilitoka Benki ya Dunia. Iliitwa kuondoka kwa hiari. Mtu ambaye hajalipwa mshahara miezi mingi, hiari yake ni ipi?

Kweli, kampuni ilikuwa mgonjwa. Mwaka 1986 ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Mwaka 2003 hata 20,000 hazikufika. Utawala wa Mobutu uliikamua, mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, kisha Wakasai wenye ujuzi wakafukuzwa. Madeni yalipita dola bilioni 1. Daktari alihitajika. Kampuni ya ushauri ya Ufaransa, Sofreco, ikapewa kazi ya kuiongoza, na Mkanada Paul Fortin akakalia kiti cha mkurugenzi mpaka 2009.

Shida ni kwamba washauri wa namna hii wanasoma daftari: nani anadai, nini kiuzwe, nani apunguzwe. Posho ya unga, shule ya watoto, hospitali ambako mke wa mfanyakazi alizaa bila kulipa, vyote vilikuwa sehemu ya mshahara. Kwenye daftari viliitwa mzigo. Vilipokatwa ikaonekana kampuni imepona kidogo. Mtoto aliyeacha shule akaenda kuchimba kobalti kwa mikono hakuandikwa popote kuwa hasara.

Familia zilizohamishwa Cité Gécamines kwa ajili ya mgodi wa COMMUS zinaifahamu hesabu hiyo. Ripoti ya Amnesty International ya 2023 inaeleza malalamiko yao: fidia haikutosha kupata nyumba kama ile waliyoiacha. Ukuta na bati vina bei. Jirani anayekukopesha unga wa bukari mwisho wa mwezi hana.

Tangu Septemba 2012 Kongo inafuata sheria za OHADA, na kampuni ikifilisika, sehemu ya mishahara isiyolipwa inatangulia madai mengine mengi. Ni jambo jema, ila linamlinda mwenye karatasi ya mshahara tu. Mjane wa aliyetia sahihi 2003 hamo.

Kwa hiyo siku washauri watakapoletwa tena, mkataba wao usomwe redioni kwa Kiswahili kabla ya mtu yeyote kutia sahihi: nani anawalipa, kiasi gani, na wametumwa kumhesabu nani. Wafanyakazi na wakaaji nao wawe na mtu wao wa hesabu pale mezani, alipwe kutoka mfuko uleule unaowalipa washauri.