Siku Mtakatifu Fransisko Ksaveri Aliposhuka Malindi



Sisi watu wa pwani tumezoea kuona wageni. Hutoka Ulaya, wakashukia Pangani na Ushongo, au wakavuka mpaka pale Horohoro wakaenda Diani na Malindi. Huoga baharini, huota jua mchangani, hula samaki wetu, kisha hurudi kwao. Hakuna ubaya. Mwili wa binadamu wahitaji mapumziko, na wenyeji hupata riziki. Wazee walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini leo nataka kuwasimulia habari za mgeni mwingine, aliyeshuka Malindi mwaka 1542. Hakuja kupumzika. Alimzika maiti, akaulizwa swali na mzee wa mji, akapanda tena chomboni akaenda zake. Jina lake ni Fransisko Ksaveri, ambaye leo twamwita Mtakatifu.

Padre huyu alizaliwa Navarra, katika nchi ya Hispania, mwaka 1506. Tarehe 7 Aprili 1541, siku ile ile aliyotimiza miaka 35, aliondoka Lisbon kwenda Bara Hindi. Safari ilikuwa ya taabu. Walipofika Msumbiji ilibidi wakae karibu nusu mwaka wakingoja pepo njema. Wagonjwa walikuwa wengi, na padre aliwahudumia mchana na usiku hata yeye mwenyewe akaugua homa. Mwanzoni mwa mwaka 1542 chombo kilitweka tanga kuelekea kaskazini. Yeyote ajuaye pwani yetu ajua kwamba kutoka Msumbiji mpaka Malindi lazima upite bahari yetu hii. Basi Mtakatifu huyu alipita mbele ya nchi yetu, wala babu zetu hawakujua.

Malindi ilikuwa rafiki wa Wareno tangu Vasco da Gama alipofika pale mwaka 1498. Lakini ukweli yafaa usemwe wote. Wareno hao hao mwaka 1505 waliishambulia Kilwa, wakaiteka Mombasa na kuichoma moto. Kwa hiyo mtu wa pwani aliyeona msalaba kwenye tanga za merikebu alikuwa na sababu ya kuogopa. Msalaba umeletwa kwetu na watu wa namna mbili, wenye mizinga na wenye rozari, na mara nyingine walisafiri katika chombo kimoja.

Habari za Malindi twazijua kwa sababu padre mwenyewe aliziandika katika barua aliyowapelekea wenzake Roma, kutoka Goa, tarehe 20 Septemba 1542. Asema kwamba pale Malindi walimzika mtu mmoja wa chomboni mwao aliyefariki. Walimzika kwa sala na taratibu zote za Kanisa, na Waislamu wa mji walipoona jinsi Wakristo wanavyowazika wafu wao, walipendezwa. Hata leo pale Malindi kuna kanisa dogo la kale la Wareno, na makaburi kando yake.

Ndugu zangu, fikirini. Mtu yule alikuwa mbali na mama yake, mbali na kijiji chake, katika nchi ambayo hakuna aliyemjua. Angeweza kutupwa baharini au kufukiwa upesi mchangani. Lakini alizikwa kama mwana wa nyumba.

Hapa kwetu Tanga jambo hili si hadithi ya kale. Mashamba ya mkonge yaliwaleta watu kutoka mbali, wengine kutoka Burundi, Rwanda na Msumbiji. Wengi walizeeka hapa bila mke wala mtoto. Mimi ni karani wa parokia, na daftari la vifo liko mikononi mwangu. Mara nyingine mzee wa namna hiyo akifa, naandika jina moja tu la ubatizo. Nafasi ya jina la baba hubaki tupu, na ya kijiji alikozaliwa vile vile. Na kabla sijaandika, husikia maneno haya: "Huyu hakuja jumuiyani. Hakutoa mchango. Azikwe na nani?"

Azikwe na sisi. Kuzika wafu ni moja ya matendo ya huruma tuliyofundishwa katika katekisimu, na Tobiti alisifiwa kwa kazi hiyo hiyo. Kama kuna shaka juu ya sala za Kanisa, mwenye kuamua ni paroko, si sisi majirani. Kazi yetu ni kushika jembe, kuchota maji, na kumsindikiza. Mara nyingi nimeona majirani zetu Waislamu ndio wa kwanza kufika na majembe. Si vema Wakristo tuwe wa pili kwa Mkristo mwenzetu.

Sasa nieleze lile swali. Mzee mmoja mheshimiwa wa Malindi alimwuliza padre: Je, ninyi Wakristo mnayajaza makanisa yenu? Mnasali kwa bidii? Maana kwetu ibada inapungua. Mji una misikiti 17, lakini watu husali katika mitatu tu, na hata humo ni wachache.

Padre alimjibu kwa ukali wa nyakati zile, wakajadiliana kwa muda mrefu, na mwisho kila mmoja akabaki na lake. Siku hizi Kanisa latufundisha kusema na Waislamu kwa heshima; Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilitangaza jambo hilo mwaka 1965. Lakini swali la mzee yule lilikuwa la mtu mnyofu aliyesikitikia hali ya ibada mjini mwake. Nalo halijajibiwa.

Sisi tungemjibuje? Tumejenga vigango kwa jasho letu, tukabeba mawe vichwani. Jumapili katekista anapogonga kengele, wanaokuja ni akina mama na watoto. Baba abaki nyumbani, ati kuangalia mbuzi. Mbuzi huyo huyo siku ya gulio hufungwa kamba, na baba aenda gulioni tangu alfajiri. Vijana nao wakifika husimama nje chini ya mwembe, wakaingia wakati wa matangazo. Mzee wa Malindi akipita hapo, atahesabu kama alivyohesabu kwao.

Fransisko Ksaveri alifariki tarehe 3 Desemba 1552 katika kisiwa cha Shangchuan, pwani ya Uchina, mbali na ndugu zake wote. Mwaka 1927 Papa Pio wa XI alimfanya msimamizi wa misioni, pamoja na Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Sikukuu yake ni tarehe 3 Desemba.

Siku hiyo nawaomba jambo moja. Kila jumuiya iende makaburini, itafute kaburi lisilo na mwenyewe, ing'oe majani, isimike msalaba wa mti, na kusali Baba Yetu. Akina baba watangulie.

Karani wa Parokia