TUMENUNUA MASHINE, MWALIMU YUKO WAPI?



Juma lililopita tulikaa kwenye kahawa hapa Kimara Mwisho, yakazuka mabishano. Kijana mmoja alisema yafaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiwe na kigoda cha sayansi ya kompyuta, aitwe profesa mkubwa akikalie. Mzee mmoja akacheka. "Profesa wa nini? Mafundi wa simu wamejaa Kariakoo!" Wengi wakacheka naye. Mimi sikucheka, na leo nataka kumjibu mzee wangu kwa heshima, maana aliyoyasema wazi ndiyo yaliyomo vichwani mwa wakubwa wengi wasiothubutu kuyasema.

Mzee wangu, fundi wa Kariakoo hubadilisha kioo cha simu iliyobuniwa na mwingine. Kazi yake twaiheshimu. Lakini ni nani aamuaye simu ile ifanye nini, habari zetu ziwekwe wapi, na mashine za akili mnemba zikiseme vipi Kiswahili chetu? Si fundi, si mimi, wala si wewe. Mengi ya hayo huamuliwa Marekani na China, na watu waliofundishwa na maprofesa ambao sisi hatuna wa kutosha.

Wala hatukuanza jana kununua tusichokijua. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali hiyo hiyo ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, kwa sababu manufaa yaliyotarajiwa hayakuonekana. Mashine haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kununua mashine kabla ya kupata watu wetu wa kuitawala.

Je, tumejifunza? Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa Dola milioni 425 kwa ajili ya vyuo vyetu, kujenga na kusomesha walimu. Ni vyema. Lakini mkopo ni wa mradi, na mradi una siku ya mwisho. Siku hiyo ikifika, profesa atalipwa na nani?

Hapo ndipo ilipo maana ya kigoda. Fedha huchangwa mara moja, ikawekwa mahali isiguswe, profesa akalipwa kwa faida yake. Mwenye mnazi hula nazi, haukati mnazi. Tuseme tumechanga shilingi bilioni 3, tukanunua hati fungani za Serikali zikazaa asilimia 10. Hizo ni shilingi milioni 300 kila mwaka: za kumlipa profesa, za kusomesha wanafunzi wachache wa udaktari, na nyingine za kurudisha kwenye mtaji usije ukaliwa na kupanda kwa bei.

Waingereza walilijua jambo hili zamani. Mwaka 1663 mtu mmoja, Henry Lucas, aliacha usia wa mali kwa Chuo cha Cambridge. Kigoda hicho alikikalia Newton, na tangu 1828 hadi 1839 akakikalia Charles Babbage, aliyebuni mashine za kuhesabu ambazo ndizo babu wa kompyuta. Usia wa mtu mmoja, na kigoda kipo hata leo. Nasi njia twaijua: mwaka 2008 hapo Mlimani kilianzishwa Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha taaluma za Umajumui wa Afrika, akakikalia kwanza Profesa Issa Shivji. Kilichowezekana kwa siasa na historia, kwa kompyuta kinashindikana kwa nini?

Watasema maprofesa wakubwa hawaji kwa mshahara wetu. Mbona walikuja! Terence Ranger, aliyefukuzwa Rhodesia na walowezi, alikuja kufundisha historia mwaka 1963. Walter Rodney wa Guyana alikuja mwaka 1966, akarudi tena 1969. Hawakufuata utajiri. Walifuata kazi, kwa kuwa hapa historia ya Afrika ilikuwa ikiandikwa upya. Leo kazi ipo tena: kuifundisha mashine lugha ya mamilioni ya watu, na kuulinda uchumi uliohamia kwenye simu. Wako Watanzania wenzetu wafundishao ng'ambo. Tuwaite kwa jina, na wakija tusiwazungushe ofisi kwa ofisi kutafuta kibali na nyumba mpaka wakate tamaa.

Wengine watasema tungojee mfadhili. Tazameni Rwanda. Chuo cha Carnegie Mellon cha Marekani kilianzisha tawi lake nchini humo mwaka 2011, na mwaka 2022 Mastercard Foundation ilitangaza Dola milioni 275.7 kwa ajili ya kazi hiyo. Wenzetu wamefanya haraka, nawapongeza. Lakini chuo ni cha mgeni na fedha ni ya mgeni. Anayelipa mpishi ndiye achaguaye chakula.

Nasema pia, kigoda kisiwe kiti cha kulalia. Akikalie mtu kwa miaka mitano, alee wanafunzi wa udaktari, na kila mwaka asimame mbele ya wananchi aeleze kwa Kiswahili alilolifanya. Asiyeweza, ampishe mwenzake.

Fedha itatoka wapi? Kampuni za simu na mabenki yanayovuna kwetu kila siku yatoe kwanza, nasi tutoe. Mwaka 1955 wananchi maskini walichanga nauli ya Mwalimu kwenda Umoja wa Mataifa. Mwaka 1961 chuo hicho kilianza ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wasiofika 15. Waliochanga siku zile hawakuwa na simu wala benki. Walijua tu wanalolitaka.

Kutoka Kimara hadi Mlimani si mbali. Mimi naahidi shilingi 10,000 siku mfuko utakapofunguliwa. Mzee wangu wa kahawa, nawe nakuomba bei ya kikombe kimoja.

Uhuru na Kazi.