Mafao ya Askari Si Shamba la Ukoo

"Huyu alikuwa askari wetu. Ukoo ndio uliomsomesha, kwa hiyo hela zake zirudi mlimani."

Maneno hayo yalisemwa mwezi uliopita siku ya kumaliza matanga, juu huko Mamba, wilayani Same, na mzee ambaye sitamtaja kwa sababu katika mengine namheshimu. Watu waliitikia kwa vichwa. Hata mhubiri, aliyetoka kutuhubiria juu ya wajane na yatima, aliinamia Biblia yake akanyamaza. Mjane alikuwa ameketi mkekani na bahasha ya kaki mapajani. Ndani yake kulikuwa na cheti cha kifo, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Shemeji yake alikuwa amefungua kaunta buku, ameandika juu kwa herufi kubwa na kupigia mstari: MALI ZA MAREHEMU. Namba moja, shamba la tangawizi. Namba mbili, ng'ombe. Namba tatu, mafao ya Polisi.

Hiyo namba tatu ndiyo iliyonikosesha usingizi, na ndiyo nataka kuisemea leo, maana sijaiona Mamba tu. Nimeisikia Hedaru, nimeisikia Gonja, nimeisikia hata Dar es Salaam kwenye vikao vya Wapare waliosoma hadi chuo kikuu. Imani yenyewe ni moja: askari akifa, fedha anazolipa mfuko wa pensheni ni mali ya ukoo, mjane ni mpokeaji tu, na mjane mwenye adabu hukaa kimya akasubiri apewe chake.

Ni imani ya dhuluma, tena haina mguu wa kusimamia.

Tuanze na fedha zenyewe zinakotoka. Tangu Agosti 2018 watumishi wa umma, polisi wakiwamo, wako chini ya PSSSF, mfuko uliopatikana kwa kuunganisha PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Katika kila shilingi 100 za mshahara wa askari, shilingi 5 hukatwa kwake na shilingi 15 huwekwa na mwajiri, yaani serikali. Jumla 20. Sasa naomba mzee yeyote wa ukoo anionyeshe shilingi yake iko wapi katika hizo 20. Shamba naelewa. Shamba babu alilifyeka, baba akalirithi, mjomba alisaidia kuchimba mfereji, na mtu akidai ana neno juu ya shamba nitakaa nimsikilize. Mafao hayakufyekwa na babu. Yalikatwa mwezi baada ya mwezi kwenye mshahara wa mtu aliyekuwa analinda benki usiku, kwa ajili ya siku ambayo mshahara huo utakoma na watoto wake bado wanakula. Ndiyo kazi pekee ya fedha hizo. Sheria ya mfuko inazungumza juu ya wategemezi wa mwanachama, na inaanza na mwenza na watoto. Baba mdogo hayumo. Binamu aliyeko Moshi hayumo. Mwenyekiti wa ukoo hayumo.

Watanijibu, "Lakini tulimsomesha." Vizuri. Mlimsomesha mtoto wenu, kama yeye alivyokuwa akiwasomesha wa kwake mpaka siku aliyokufa. Kumsomesha mtoto si mkopo wa kudaiwa kwa mjane wake. Na kama kweli ni mkopo, basi kila aliyechangia alete risiti za ada, aseme alilipa shule ipi, kidato kipi na mwaka gani, tuone ni wangapi watabaki kwenye kikao.

Jibu linalopendwa kuliko yote ni hili: "Ataolewa, na mwanaume mwingine atakula jasho la mtoto wetu." Nimelisikia mara nyingi mpaka limenichosha. Wanaolisema ni watu wazima, wana wajukuu, na wanaamini wamefunga mjadala. Niwaulize jambo moja. Mwalimu wa kike wa shule ya msingi akifa pale Makanya, akaacha mume na watoto, ni lini mliona ukoo wa mke unashuka na kaunta buku kuorodhesha mafao yake? Haijatokea. Mgane huchukua fedha za mkewe, mwaka haujaisha anaoa, tunapanda Noah kwenda kula pilau ya harusi, na hakuna mzee anayesimama kuuliza mke mpya anakula jasho la nani. Kwa hiyo hofu yenu si ya mtu wa nje kula. Mnachoogopa ni mwanamke kushika fedha bila kuomba ruhusa, na ni afadhali mlitamke hivyo kuliko kumsingizia marehemu.

Mama mzazi wa marehemu simsahau. Yeye alimzaa, na mjane wa haki anajua wajibu wake kwake. Wanaopiga kelele kwenye vikao hivi kwa kawaida si yeye. Yeye yuko jikoni analia.

Imani hii haikuanguka kutoka mawinguni. Amri ya kutamka sheria za mila ya mwaka 1963, ile inayojulikana kwa Tangazo la Serikali namba 436, iliandika kwamba mjane hana fungu katika urithi iwapo mumewe ameacha ndugu wa ukoo; fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Wajane wawili wa Shinyanga, waliofukuzwa majumbani mwao na wakwe wakiwa bado vijana wenye watoto wadogo, waliipeleka amri hiyo mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba ni ya kibaguzi, kisha ikaiacha kama ilivyo. Walikwenda mpaka Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati inayosimamia mkataba wa haki za wanawake ikaamua kwamba Tanzania imevunja haki zao. Hasira yangu kwa waliokuwa na uwezo wa kuifuta amri ile na wakaipita miaka yote hii siwezi kuificha. Lakini hata amri hiyo, kwa ubaya wake wote, inahusu urithi wa kimila. Mafao ya wategemezi yana sheria yake. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inakataza mtu yeyote kumnyima mtoto kunufaika na mali ya mzazi wake aliyefariki. Shemeji mwenye kaunta buku amesimama kinyume cha sheria zote mbili, na hakuna aliyemwambia.

Kwa mjane wa polisi mambo ni magumu zaidi kuliko kwa mjane wa mwalimu au wa nesi, na hili watu hawalioni. Mwalimu akifa kuna CWT, chama cha walimu. Kuna mtu wa chama atakayeuliza jalada limefika wapi. Polisi hana chama cha wafanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imemweka kando pamoja na mwanajeshi na askari magereza. Mjane wake anaishi kota za polisi, na anajua chumba kile kina askari mwingine anayekisubiri. Akitoka hapo atakwenda wapi kama si kwa wakwe? Na akifika kwa wakwe akiwa na watoto na magodoro juu ya fuso, atabishana nao vipi juu ya fedha?

Kisha kuna ndoa. Matangazo ya ajira za Polisi tunayasoma: mwombaji asiwe ameoa wala kuolewa, asiwe na mtoto. Kijana anaingia depo akiwa na miaka ishirini na kitu, anapangiwa kazi mbali, na kuoa kunataka kibali cha wakubwa. Maisha hayasubiri kibali. Anakaa na binti wa watu, wanazaa, wanapanga chumba Same mjini karibu na stendi, cheti cha ndoa wanasema watakishughulikia mwakani. Siku anakufa, ukoo uliokuwa ukimwita yule binti "mkwe" na kula kuku wake kila Krismasi unageuka: "Huyu hatumjui, hakuolewa." Nimelishuhudia hilo kwa macho yangu, na sijapata kuona aibu kubwa kuliko ile. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana na jamii kuwa ni mke na mume wanachukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na watoto ni wa marehemu hata kama mama yao hana cheti wala pete.

Taifa hili linajua kuwalilia polisi. Tuliwalilia wale waliouawa kwenye kituo cha Stakishari mwaka 2015. Tuliwalilia wanane waliouawa kwa kuviziwa kule Kibiti Aprili 13, 2017. Tuliwalilia watatu walioanguka karibu na ubalozi wa Ufaransa Dar es Salaam Agosti 25, 2021. Viongozi walihutubia, majeneza yalisindikizwa kwa heshima, vyombo vya habari vikaonyesha wajane wakishikwa mikono. Kamera huzimwa jeneza likishateremshwa. Kikao cha ukoo huanza baada ya hapo, na mtu wa serikali hayupo.

Nikiwa hapohapo, niseme na hili la matanga yenyewe. Ukoo uleule unaodai fedha za mtoto umekodi mabasi kutoka Dar, umechapisha fulana zenye picha ya marehemu, umechinja. Michango imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp usiku na mchana. Mtoto wa marehemu anayeanza kidato cha kwanza hakuchangiwa hata daftari. Tunapenda kumheshimu maiti kuliko mtoto aliyeachwa na huyo maiti, na tunajisifu kwamba tumefanya msiba mkubwa.

Sisi Wapare hatuna sababu ya kutolielewa hili. Mwaka 1945 babu zetu walishuka Same, wakapiga kambi makao makuu ya wilaya kupinga mbiru, kodi iliyotaka watu waje kupima kila mtu ana nini ndipo atozwe. Mwaka uliofuata wanawake waliandamana pia, waume zao wakiwa bado wako Same. Walikataa mtu wa nje kuingia nyumbani na kuhesabu cha mtu. Leo wajukuu wao wanaingia nyumba ya mjane wakiwa na kaunta buku, wanahesabu, wanatoza. Wanatuita watu wa kesi, ati Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Basi kesi yenye haki ndiyo hii, na mjane anayeifungua asiitwe mkorofi.

Maana kufungua ndipo anapokwamishwa. Anakwenda Mahakama ya Mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi, anaambiwa, "Mama, nenda kalete muhtasari wa kikao cha ukoo." Ukoo haukai mpaka akubali shemeji awe msimamizi. Akikubali, fedha zinapita mikononi mwa shemeji; akikataa, hakuna muhtasari. Mjane mmoja wa askari ninayemfahamu alirudishwa hivyo mpaka nauli ikamwishia. Lakini Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu linaruhusu kuteuliwa mtu mwenye maslahi katika mirathi, na hakuna mwenye maslahi kumzidi mama anayelea watoto wa marehemu. Muhtasari wa ukoo ni mazoea. Kwa hiyo karani anayemrudisha mjane kwa kukosa muhtasari aandike kwenye karatasi ni kifungu gani cha sheria kinachoudai, aweke sahihi yake na tarehe, ampe mama yule aondoke nayo.