Kabla ya Kibali cha Mgeni, Lipeni Fidia ya Kiboko

Kila kiboko akiua mtu kwenye ufuo wetu, subiri siku mbili tu. Kuna msee ataandika mtandaoni: si turudishe uwindaji? Tanzania wanafanya. Mzungu aje na bunduki yake, alipie kibali, ammalize kiboko, kaunti ipate doh. Hoja hii hupendwa na wengi kwa sababu inaahidi kumaliza shida mbili kwa risasi moja. Mimi naipinga, na si kwa sababu nampenda kiboko. Nimekulia Kisumu. Najua vile wavuvi wa Dunga hunyamaza wakisikia rao akipumua karibu na mashua gizani.

Tuanze na sheria ilivyo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya pembe, ngozi na nyara nyingine. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 bado inauharamisha. Mgeni mlenga shabaha anaweza kuomba ruhusa ya kuingia na silaha kwa mashindano, na wageni wamewahi kuja kushindana Kirigiti, Kiambu. Lakini hakuna kibali cha kumruhusu aielekeze bunduki hiyo kwa mnyama kwa raha zake.

Tanzania wameamua tofauti. Huko mgeni huja kupitia kampuni yenye kitalu, huongozwa na mwindaji bingwa, hulipia kibali cha bunduki na ada ya kila mnyama anayemuua. Kwenye karatasi ni mfumo mkali, na siwezi kudai ni vurugu. Ila kati ya 2023 na 2024, tembo kadhaa wenye pembe kubwa, wa kundi la Amboseli, walivuka mpaka wakapigwa risasi upande ule, na vibali vilikuwepo. Karatasi kuwa sawa haimaanishi jambo ni sawa.

Sasa rudi kwetu. Wanaotaka vibali hivi wanasema vitamsaidia mvuvi wa Nyanza. Vipi? Mtu anayelipa maelfu ya dola hamtaki yule kiboko anayekula sukuma ya mama fulani kule Nyando saa nane usiku. Anataka dume kubwa, mchana, mahali pa kupiga picha bila mabati nyuma yake. Halafu bunduki ya kumwangusha kiboko si manati. Risasi ikikosa inaenda mbali, na kati ya Dunga na Usoma kuna nyumba, kuna boda, kuna watoto wanachota maji. Hakuna serikali yenye akili itakayogawa kitalu hapa. Wawindaji watapelekwa kwenye ranchi kubwa, mbali na ziwa, na pesa itabaki hukohuko. Sisi tutabaki na kiboko wetu na jina la kutumiwa kwenye hotuba.

Na kama unadhani hii ni bahati mbaya ya kupangwa vibaya, soma historia. Desemba 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kuwa rais wa Marekani, alipita Kisumu akapanda meli kwenda Entebbe. Katika safari nzima, yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Leseni ya mwindaji mgeni ilikuwa pauni 50, yaani rupia 750. Wakati huo kodi ya nyumba iliyomtoa jasho baba wa Kijaluo ilikuwa rupia 3. Leseni moja ilitosha kulipia nyumba 250. Na mwenyeji aliyechukua mkuki akaenda kuwinda bila ruhusa aliitwa jangili. Kitendo kilekile, mnyama yuleyule, tofauti ni nani ana pesa ya karatasi. Hapo ndipo kibali cha uwindaji kilipozaliwa katika nchi hii, na ndiyo maana sikiamini kinaponijia na sura ya msaada.

Msaada wenyewe upo tayari, na hauhitaji bunduki ya mtu. Sheria ya 2013 inasema mtu akiuawa na mnyama kama kiboko au mamba, familia yake inastahili shilingi milioni 5. Ulemavu wa kudumu ni milioni 3, majeraha mengine hadi milioni 2. Hizo si hisani, ni deni. Malimbikizo ya fidia hii yamezungumzwa bungeni hadi yamekuwa stori ya kawaida.

Nilimsindikiza jirani yetu, mjane, kwenye ofisi moja kuulizia faili ya mumewe. Fomu ya polisi iko? Iko. Ya daktari? Iko. "Basi mama, faili limeenda Nairobi, tutakupigia." Hiyo simu haijawahi kulia. Mtoto wake mkubwa sasa ndiye anaenda ziwani, usiku uleule, maji yaleyale.

Linganisha na bunduki ya mwindaji mgeni. Nchi inayoruhusu uwindaji huandika aina ya bunduki, namba yake, idadi ya risasi, tarehe ya kuingia na ya kutoka. Risasi zinahesabiwa. Kwa hivyo mtu asituambie kwamba kufuatilia karatasi za wafu wa Nyanza ni kazi ngumu mno. Serikali hufuatilia inachokithamini.

Najua jibu: sasa kiboko msumbufu aachwe tu? La. Askari wa wanyamapori wana mamlaka ya kumwondoa mnyama hatari, hata kumuua inapobidi, na hiyo ni kazi ya mshahara, si burudani ya kuuzwa. Wapewe mashua, mafuta na watu wa kutosha wafike usiku ule ule wakiitwa. Mafunjo yaachwe yakue, mashamba yasilimwe hadi kwenye maji. Ziwa lilipofurika mwaka 2020, watu na viboko walisukumwa sehemu moja, na mipango ya ufuo bado inaandikwa kana kwamba maji hayakuwahi kupanda.

Hoja ya kurudisha uwindaji itakuja tena, labda ikiwa na jina tamu kama matumizi endelevu. Kukiitishwa kikao cha maoni ya umma hapa Kisumu, nenda. Usibishane kuhusu ada ya kibali wala saizi ya bunduki. Uliza swali moja, na uombe jibu liandikwe: ni familia ngapi za ufuo huu zinadai fidia, na zitalipwa lini? Kabla ya jibu hilo, hatuna la kuzungumza na mgeni yeyote mwenye bunduki.