Kulipwa kwa Kuandika Mtandaoni: Jibu kwa Kijana Wetu wa Mwazye

Tumepokea suala kutoka kwa kijana wetu wa Kipemba mwenye duka Mwazye, wilaya ya Kalambo, mkoani Rukwa. Amesikia iko mitandao ya kijamii inayomlipa mtu kwa anachokiandika, naye anataka kuanza. Kabla hajaanza, amemwomba mamake aliyeko Wete amtumie fedha za karafuu "anunue nguvu". Maneno mawili hayo ndiyo yaliyotufanya tujibu hadharani, kwani tunajua si yeye peke yake.

Mitandao hiyo ipo kweli. Steemit ilianza mwaka 2016, na Hive ikajitenga nayo Machi 2020 baada ya Steemit kununuliwa na Justin Sun. Mtu huandika, wasomaji humpigia kura, na baada ya siku 7 malipo hugawiwa baina ya mwandishi na waliompigia. Ila kura hazilingani. Aliyefungia sarafu nyingi, kura yake ina uzito zaidi. Hiyo ndiyo "nguvu" yenyewe. Na katika Hive, anayetaka kuzifungua sarafu zake hurudishiwa kidogo kidogo kwa wiki 13. Wiki 13, jamaa! Bei ikianguka katikati yeye anatazama tu. Januari 2018 sarafu ya STEEM ilipita dola 7, na kabla mwaka kwisha ilikuwa chini ya dola 1.

Tusiichanganye na DECI, iliyowaambia watu wapande mbegu wavune, hadi Serikali ikaisimamisha mwaka 2009. Wala na LBL ya mwaka 2025, ambayo watu walilipa kiingilio ili walipwe kwa kazi ndogondogo za simu, na Benki Kuu ikasema haina leseni. Huko fedha ya anayeingia ndiyo iliyomlipa aliyetangulia. Huku kuingia ni bure. Lakini anayeingia na fedha za karafuu ameufungua mlango uleule kwa mkono wake.

Kwa upande wa sheria, kuandika jambo la kweli na kupewa zawadi kunakaribia ju'aala, nayo wanazuoni wengi wameiruhusu. Kuhusu sarafu zenyewe wametofautiana, na Benki Kuu ilikwishatahadharisha mwaka 2019 kuwa si fedha halali nchini. Iko pia akiba ndani ya Hive inayolipa riba kwa anayeweka; hiyo asiiguse. Na kura ni ushahidi. Kumpigia mtu ambaye hukusoma alichoandika ili naye akupigie, au kununua kura, ni ushahidi wa uongo, hata ukifanywa kwa kidole.

Basi aanze hivi. Ajisajili bila ya kulipa. Nywila kuu aiandike kwenye karatasi na kuihifadhi, kwani ikipotea hakuna ofisi ya kuirudisha, na akiombwa na yeyote asitoe. Ajitambulishe kwa ukweli, kisha ajibu wenziwe kabla ya kutaka kujibiwa. Miezi ya mwanzo huenda asipate hata ya vocha. Picha na maneno ya watu asinakili, huo ni wizi, na wenyeji wa huko huupigia kura ya kuufuta malipo. Aandike analoliona. Nani huku visiwani anajua matanuru marefu ambayo Wafipa waliyeyushia chuma, au maporomoko ya Kalambo yenye zaidi ya mita 200, au duka la Mpemba linavyokwenda msimu wa mahindi na ulezi? Hayo yana wasomaji. Na duka asilifunge.

Ama fedha za mama, mwanetu, kama zimeshafika zirudishe wiki hii, na umwambie ulitaka kuzifanyia nini.

Wallahu a'alam.