Anwani ya Ofisi Isiwe Fumbo

Zamani mwananchi aliyefika katika ofisi ya umma alitafuta kwanza kibao cha Maulizo au cha Masjala. Kibao kile kilimjulisha atakayemkuta ndani kabla hajabisha hodi. Siku hizi ofisi nyingi zimefungua mlango wa pili, yaani tovuti katika intaneti, na kibao chake ni kiungo kilichoandikwa "Wasiliana Nasi". Tunasikitika kusema kwamba vibao vya namna hiyo mara nyingi havimwongozi mtu.

Mwananchi anapobonyeza kiungo hicho hajui litakalotokea. Pengine huletewa fomu ya kujaza, pengine ramani ya jengo, na pengine programu ya barua pepe hufunguka ghafla. Njia hii ya mwisho yataka kompyuta iliyokwisha kutayarishwa kwa barua pepe ya mwenyewe. Katika kompyuta ya kukodi kwa saa, aghalabu matayarisho hayo hayapo. Mwenye shida hubonyeza, asione kitu, akaondoka akidhani kosa ni lake. Na kwa kuwa anwani yenyewe imefichwa nyuma ya kiungo, hata kuinakili kwenye karatasi hawezi.

Wako watakaosema kuwa jambo hili ni dogo, la mafundi. Hatukubaliani nao. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupewa taarifa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamtaka mwombaji apeleke ombi kwa maandishi, nayo ofisi imepewa siku 30 za kujibu. Lakini ombi lisilofika halina siku ya kwanza ya kuhesabiwa. Haki iliyotungiwa sheria yaweza kupotea katika kiungo kibovu, wala asipatikane wa kuulizwa.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Kiungo kiseme wazi kazi yake: "Tuma barua pepe kwa Masjala", "Jaza fomu ya malalamiko", "Piga simu". Anwani na namba za simu ziandikwe kamili zionekane. Anwani iwe ya cheo, si ya mtumishi, ili uhamisho wake usiwakatie wananchi njia. Na anayetuma fomu apewe namba ya kumbukumbu na tarehe, kama vile masjala inavyogonga muhuri.

Mahali pa viungo hivyo pia pasibadilike kila ukurasa. Viwango vya shirika la W3C vilivyotolewa Oktoba 2023 vinaagiza kwamba njia za kuomba msaada zinazorudiwa katika kurasa za tovuti zifuate mpangilio ule ule. Agizo hilo lina maana kubwa kwa wasioona, ambao husomewa viungo kwa sauti na kompyuta. Kwao maneno "bonyeza hapa", yakisomwa peke yake, ni sawa na kibao kitupu.

Tunawasihi wakuu wa ofisi wasingoje ripoti ya mafundi. Kila mmoja na aazime simu ya kawaida, afungue tovuti ya ofisi yake, ajiandikie ombi kama mwananchi yeyote, kisha angoje jibu. Lisipomfikia, ajue kwamba na wengine hawajapata jibu.